At Fillmore East ya Allman Brothers Band: albamu ya laivu inayodai spika mbili

Kama unataka albamu moja tu ya bendi za kujamu, yaani zinazorefusha nyimbo kwa kubuni papo hapo jukwaani, kwenye flashi yako, chukua At Fillmore East ya Allman Brothers Band. Ina nyimbo saba, zaidi ya dakika 75 za muziki, wanamuziki sita, magitaa mawili ya solo na wapiga drams wawili. Ilirekodiwa kwenye ukumbi wa Fillmore East, New York, tarehe 12 na 13 Machi 1971, ikatoka Julai mwaka huohuo, na mpaka leo mashabiki wa muziki huu wanapimia albamu nyingine za jukwaani kwa hii. Tathmini hii imeandikwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo ya jirani, wanaosikilizia kwenye sabufa, simu, redio ya gari au kispika cha bluetooth. Albamu hii huharibika kirahisi sana kwenye vyombo hivyo. Mtu anaisikia mara moja, anasema ni kelele ndefu, anafuta. Mara nyingi kilichomwangusha ni chombo.

Tuanze na bendi yenyewe. Duane Allman anapiga gitaa la solo na la slaidi, yaani la kutelezesha kichupa cha kioo juu ya nyuzi. Mdogo wake Gregg anaimba na kupiga ogani ya Hammond B-3. Dickey Betts ni gitaa la pili la solo, na hapa "la pili" lisikudanganye, kwa sababu hakuna anayemsindikiza mwenzake muda wote. Berry Oakley yuko kwenye besi. Butch Trucks na Jaimoe wako kwenye drams, na Jaimoe anaongeza tumba. Thom Doucette anaingia na harmonika kwenye baadhi ya nyimbo. Bendi ilianzia Jacksonville, Florida, mwaka 1969, ikahamia Macon, Georgia. Albamu zao mbili za studio zilikuwa zimeuza kidogo tu, wakati jukwaani watu walikuwa wanapagawa. Ndipo wakaamua kurekodi kule walikokuwa na nguvu.

Aliyesimamia kurekodi ni Tom Dowd, fundi aliyewahi kurekodi Ray Charles, John Coltrane na Aretha Franklin. Usiku wa kwanza saksafoni ilipanda jukwaani kwenye baadhi ya nyimbo. Dowd akataka iondolewe, ikaondolewa. Ukisikiliza albamu utaona kwa nini alikuwa sahihi: kati ya magitaa mawili, ogani na besi inayoimba, hakuna nafasi iliyobaki. Kila pengo lina mwenyewe.

Kwa masikio yaliyozoea dansi la Tanzania, mpango wenyewe si mgeni. Solo, second solo, rhythm, besi, tumba, na sehemu ya mwisho ambapo uimbaji unaisha na magitaa yanachukua usukani: hayo tunayajua. Tofauti ni kwamba katika dansi mara nyingi gitaa la rhythm linabaki na mzunguko wake bila kuhama, na hapo ndipo wachezaji wanapopata mguu wa kushika. Kwa Allman Brothers hakuna anayebaki mahali pamoja. Duane akipanda, Oakley anapanda naye kwenye besi, Jaimoe anahamia kwenye matoazi, Betts anapunguza mpaka anabaki na noti mbili. Mdundo unashikwa na Trucks, ambaye kazi yake kubwa ni kusukuma mbele kama treni bila kuyumba, ili Jaimoe aliyetokea kwenye jazi apate uhuru wa kuchokoza. Ukitaka kuielewa albamu yote, chagua wimbo mmoja na umsikilize Trucks peke yake, kisha urudie ukimsikiliza Jaimoe peke yake. Hapo utajua kwa nini drams ni mbili.

Albamu ilitoka kwa santuri mbili, yaani pande nne. Upande wa kwanza ni wa bluzi fupi. Statesboro Blues ni wimbo wa zamani wa Blind Willie McTell, na hapa unafunguliwa na slaidi ya Duane kwa ukali unaokukalisha sawa kwenye kiti. Done Somebody Wrong ni mzuri, haudai maelezo mengi. Stormy Monday, wa T-Bone Walker, ndio wa kutulia nao: mwendo wa taratibu, sauti ya Gregg ambaye alikuwa na miaka 23 tu lakini anaimba kama mzee aliyezika wengi, halafu ogani inapochukua zamu mwendo unachangamka ghafla kwa mtindo wa jazi, kisha unarudishwa chini bila mtu kujikwaa. Hiyo kurudi chini ndiyo ya kusikiliza. Bendi nyingi huweza kupandisha mwendo. Kuushusha wote sita kwa pamoja, bila ishara inayosikika, ni kazi ya watu waliopiga pamoja usiku kwa usiku.

You Don't Love Me unachukua upande wa pili mzima, dakika 19. Hapa hukumu yetu haiko sawa na ya mashabiki wengi. Sehemu ya kwanza ni ya moto. Kama dakika ya saba bendi inanyamaza na Duane anabaki peke yake. Ukimya unakuwa mkubwa kiasi kwamba unamsikia shabiki ukumbini akipaza sauti wapige usiku kucha. Baada ya hapo, kwa dakika kadhaa, mawazo yanatawanyika. Kuna vipande ambavyo ni mwendo tu bila mahali pa kwenda. Inasaidia kujua kwamba wimbo huu uliunganishwa kutoka maonesho mawili tofauti. Usiuache kabla haujaisha lakini, maana mwishoni Duane anachomeka sauti ya Joy to the World, ule wimbo wa Krismasi unaoimbwa na kwaya za Walutheri na Wamoraviani huku kwetu kila Desemba, na anauchomeka kwa upole kabisa, baada ya fujo zote zile.

Upande wa tatu ndio moyo wa albamu. Hot 'Lanta ni dakika tano za kupasha misuli. Kisha inakuja In Memory of Elizabeth Reed, utunzi wa Betts usio na maneno, karibu dakika 13. Jina lilitoka kwenye jiwe la kaburi katika makaburi ya Rose Hill, Macon, mahali ambapo bendi ilizoea kwenda kukaa.

Huu wimbo inabidi tuufuatilie karibu. Unaanza na gitaa linalolia kama fidla. Betts hatumii kifaa chochote cha ajabu: anafunga kitufe cha sauti kwenye gitaa, anapiga uzi, kisha anafungua kitufe kwa kidole kidogo cha mkono uleule. Ule mlio wa "tang" wa uzi kupigwa haupo, inabaki sauti inayovimba yenyewe. Mpiga gitaa yeyote mwenye gitaa la umeme anaweza kujaribu. Kosa la kawaida ni kufungua kitufe mapema, wakati mlio wa kwanza haujapita, na matokeo yake unasikika kama gitaa lenye waya mbovu. Baada ya utangulizi huo mdundo unaingia wenye ladha ya Kilatini, na magitaa mawili yanapiga wimbo mmoja kwa sauti mbili, kama soprano na alto za kwaya. Kisha zamu: Betts, ogani ya Gregg, halafu Duane.

Zamu ya Duane ndiyo iliyotufanya tuandike. Anaanza chini, karibu hana haraka. Anapanda ngazi moja, bendi inapanda. Anashuka ghafla mpaka unaweza kusikia matoazi yakipumua, bendi yote inashuka naye. Halafu anapanda tena, safari hii anakuwa na sentensi fupi anayoirudia, kila mara akiibadilisha kidogo mwishoni, na Oakley anaikamata ile sentensi na kumjibu kwenye besi kabla Duane hajaimaliza. Mpaka wanafika kileleni huna uhakika nani anaongoza. Hakuna noti ya kuonyeshana ufundi pale. Kila noti imetokana na iliyotangulia. Wengi wanaosema hawapendi nyimbo ndefu hawajawahi kuketi na dakika hizi nne au tano bila kushika simu.

Whipping Post, upande wa nne, unakaribia dakika 23. Shabiki anauita kwa jina kabla haujaanza. Besi ya Oakley inaingia peke yake, na hapo ndipo wapiga drams wengi wanapopotea, kwa sababu mzunguko wa utangulizi una mapigo 11. Usijaribu kuuhesabu kwa nne. Hesabu hivi: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Kisha anza upya bila kupumzika. Anayepotea huwa ameongeza pigo moja mwishoni kwa mazoea, kwa kuwa mwili unataka tatu ya nne ikamilike. Uimbaji ukianza, mapigo yanarudi kwenye tatu-tatu za kawaida na kila mtu anapumua. Ukifundisha drams kijana wa bendi ya kanisa au ya shule, mpe utangulizi huu aupige kwa mikono juu ya meza mpaka aache kuhesabu kwa mdomo.

Katikati ya Whipping Post muziki unashuka hadi karibu kimya, mara zaidi ya moja. Hapa msikilizaji wa Tukuyu ana shida yake. Mvua ya Rungwe ikipiga bati, sehemu hizo zote zinamezwa. Utasikia kelele, kimya kirefu, kelele. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu bendi ikirudi juu itakupasua masikio na sabufa itaanza kukwaruza. Tumia hedifoni zinazofunika sikio zima, au subiri mvua ikate. Ndani ya basi ni hivyohivyo. Ukianza kuisikiliza pale Uyole ukielekea Iringa, albamu nzima itakuwa imeisha kabla ya Makambako, lakini muungurumo wa injini utakuwa umekula besi yote ya Oakley. Basi linafaa kwa upande wa kwanza wa santuri. Elizabeth Reed na Whipping Post zitunze kwa nyumbani.

Sasa vyombo. Gitaa la Duane limewekwa upande mmoja wa stirio na la Betts upande mwingine. Katikati ziko sauti ya Gregg na besi. Njia rahisi ya kujua nani yuko wapi: cheza Statesboro Blues, toa hedifoni ya sikio moja, kisha badilisha. Ile slaidi inayoteleza ni Duane. Upande unakotoka ndio wake, ukariri, na albamu nzima itakufungukia. Vispika vingi vidogo vya bluetooth vinachanganya pande zote mbili na kuzitoa kwenye spika moja. Magitaa yanakaliana, na pale wanapopiga kwa sauti mbili unasikia gitaa moja lisilo safi. Huwezi kulitatua hilo kwa kubonyeza chochote. Ni chombo kisichofaa kwa kazi hii.

Tatizo lingine linawachanganya watu: unasikia magitaa kwa mbali, ogani kidogo, lakini sauti ya mwimbaji na besi hazipo kabisa. Wengi hudhani faili limeharibika. Angalia pini ya hedifoni kwanza. Ikiwa haijazama hadi mwisho, au waya wa ethi umekatika ndani, pande mbili za stirio zinatoana, na chochote kilichokuwa katikati kinafutika. Sukuma pini, izungushe kidogo. Ikirudi na kupotea, waya umekatika karibu na pini. Fundi wa simu anaukata na kuunganisha pini mpya. Tatizo hilohilo hutokea kwenye sabufa zenye kitufe cha karaoke kikiwa kimewashwa, kwa sababu kazi ya kitufe hicho ni kufuta cha katikati ili wewe uimbe.

Kuhusu sabufa zenyewe, zile za spika mbili ndogo na boksi moja la besi zinazouzwa Mwanjelwa na kwingineko: zinatosha, ukizipanga. Kitufe cha besi kishushe chini ya nusu. Besi ya Oakley ni ya kuimba, ina noti za katikati nyingi, na boksi la besi linatoa mtikisiko wa chini tu. Ukilifungua sana unapata dum-dum bila kujua noti ipi. Spika ndogo mbili zitenganishe kama mita mbili, ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na wewe ukae mbele yake kwa umbali kama huohuo. Kuziweka zote mbili juu ya televisheni ni sawa na kuwa na spika moja. Boksi la besi lisikae kwenye kona, maana kona inaongeza muungurumo. Chumba cha sakafu ya saruji na kuta tupu kinarudisha mwangwi, na drams mbili zinageuka kishindo. Tandika mkeka au kapeti, na lile blanketi zito la Julai litundike kwenye ukuta ulio mkabala na spika. Tofauti utaisikia kwenye matoazi kwanza.

Faili nalo lina maneno yake. Ukienda kuingiziwa nyimbo kibandani, uliza ubora. MP3 ya 128 (kbps, kipimo cha ubora) inachukua takribani MB 1 kwa dakika, kwa hiyo albamu nzima ni kama MB 75. Ya 320 ni kama MB 185, na hiyo ndiyo tunayoshauri. Flashi ndogo kabisa inaimudu. FLAC, faili lisilopunguza chochote kwenye sauti, inaweza kufika MB 400 hadi 500, ina faida ukiwa na hedifoni nzuri, kwenye redio ya gari hutaona tofauti. Faili la chini ya 128 lisikanyage flashi yako. Matoazi na makofi ya watu ndivyo vitu vigumu zaidi kubana, na kwenye faili lililobanwa kupita kiasi vinatoa sauti ya maji yanayomwagika. Albamu ya jukwaani imejaa vyote viwili.

Redio nyingi za gari hucheza nyimbo kwa mpangilio zilivyoingizwa kwenye flashi, bila kujali majina. Yape mafaili namba 01 hadi 07, kisha yanakili moja baada ya jingine kwa mpangilio huo. Zima kuchanganya nyimbo. Kwenye simu, tafuta kipengele kinachoondoa kimya kati ya wimbo na wimbo, ili makofi yasikatike ghafla.

Kwa wapiga gitaa, na Mbeya ina wengi, mambo mawili ya kuiba hapa. La kwanza ni slaidi. Duane alivaa kidoleni kichupa cha kioo cha dawa ya mafua, Coricidin, na gitaa alilityuni open E, yaani nyuzi zote zikipigwa wazi zinatoa kodi ya E. Kutoka tyuni ya kawaida, uzi wa tano unapanda kutoka A hadi B, wa nne kutoka D hadi E, wa tatu kutoka G hadi G#. Nyuzi chakavu hukatika hapo, hasa wa nne. Kama hutaki kununua seti nyingine, fanya kinyume: shusha wa sita na wa kwanza hadi D, wa pili hadi A, wa tatu hadi F#, kisha weka kapo (kibanio cha nyuzi) fret ya pili. Ni tyuni ileile bila kuvuta uzi juu ya kiasi chake. Kichupa kikae juu kabisa ya chuma cha fret, kisikae kati ya vyuma kama kidole kinavyokaa, la sivyo kila noti itakuwa chini kidogo. Vidole vya nyuma ya kichupa viguse nyuzi kwa wepesi kuzuia mlio usiotakiwa. Kama nyuzi ziko karibu mno na shingo ya gitaa, kichupa kitagonga vyuma, pandisha daraja.

La pili ni zile sauti mbili. Mmoja anapiga wimbo, mwingine anapiga noti ya tatu juu yake ndani ya skeli ileile. Wengi hukosea kwa kuhesabu fret nne kila mara. Kutoka A kwenda C ni fret tatu, kutoka C kwenda E ni nne. Skeli ndiyo inayoamua. Na kubalianeni jinsi ya kutikisa noti. Mmoja akitikisa haraka na mwingine taratibu, sauti mbili hazitashikana hata kama noti ni sahihi.

Toleo lipi? La awali la nyimbo saba, kwa mpangilio wake, ndilo la kuanzia. Mwaka 1992 Dowd mwenyewe alichanganya upya rekodi hizi na kuzitoa kama The Fillmore Concerts, zikiwa na nyimbo zaidi. Ni safi, lakini si safari ileile. Mwaka 2014 lilitoka boksi la CD sita lenye maonesho manne ya Machi na lile la 27 Juni 1971, ukumbi ulipofungwa. Hilo ni la mtu ambaye tayari anaijua albamu, anayetaka kulinganisha solo za Duane za maonesho mawili ya usiku mmoja. Hakuna solo inayofanana na nyingine, na hilo linaongeza uchungu ukikumbuka kwamba Duane alifariki kwa ajali ya pikipiki Macon tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 24, miezi michache tu baada ya albamu kutoka. Oakley alimfuata Novemba 1972, naye kwa pikipiki, katika mji huohuo.

Mwishoni kabisa mwa Whipping Post utasikia makofi, kisha timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinaanza kupiga na sauti inafifia. Faili lako halijakatwa. Huo ni mwanzo wa Mountain Jam, dakika 33 nyingine za onesho hilohilo, na uliwekwa kwenye albamu iliyofuata, Eat a Peach ya mwaka 1972. Iweke kwenye flashi kama faili la 08 na uziache zifuatane.